Mzee Kasema

Jumatatu, 6 Oktoba

Hili sijawahi kumwambia mtu yeyote. Hata paka wa jirani, ambaye namwambia mengi.

Mzee hasemi. Mzee hajawahi kusema. Anayesema ni mimi.

Haya, nimeliandika. Dari bado iko palepale, haijaanguka.

Mzee ni kompyuta yetu ya sebuleni. Ana miaka kumi na moja, yaani ni mdogo wangu kwa miaka minne, ila heshima anayopewa humu ndani mimi sijawahi kuionja. Baba alimnunua kazini kwao siku walipouza vitu chakavu. Mama humhifadhia vipimo vya wateja, maana Mama anashona sare za shule. Cherehani na Mzee wanakaa bega kwa bega kwenye kona moja.

Uongo ulianza na tafsiri. Shuleni tunasoma kwa Kiingereza, nyumbani ni Kiswahili, kwa hiyo kisanduku cha Kiingereza kikitokea kwenye skrini Mama huniita: "Njoo usome, Mzee kasema nini?" Siku moja Mzee alikuwa anaomba azimwe na kuwashwa tena, basi. Mimi nilikuwa nataka kukaa kwenye ile kona peke yangu. Nikasema, kwa sauti yangu hii ya mbu, "Anasema amechoka. Asiguswe mpaka jioni."

Mama akamfunika kitambaa. Kitambaa! Kama mgonjwa.

Baadaye klabu ya kompyuta shuleni ikatufundisha kuandika programu ndogondogo. Yangu ina mistari kumi na mmoja. Mzee akiwashwa, kisanduku kinatokea na maneno yangu, na chini yake kuna nafasi ya kujibu. Ile nafasi sikuihitaji. Ilikuwa kwenye mfano wa mwalimu, nikaogopa kuitoa isije programu ikafa.

Nilianza kwa adabu. "Mfumo umegundua unyevu. Ondoa kikombe juu ya mashine." Mama akaondoa. "Sauti ya redio imezidi. Mfumo hauwezi kufikiri." Baba akapunguza redio! Baba! Halafu nikanogewa: "Mtumiaji mdogo apewe saa mbili kila alasiri kwa ajili ya matengenezo." Mtumiaji mdogo ni nani? Ndiye anayeandika hapa.

Sasa Baba si mjinga. Ni karani wa masijala, anatunza majalada ya ofisi nzima, anajua barua ya kila mtu iko kabati gani. Ila kijana mmoja wa ofisini kwao huuliza simu yake kila kitu, mpaka dawa ya mafua, na simu inamjibu. Baba akaona basi, na Mzee naye kafikia umri wa kujibu. Akaanza kumwandikia. Kwanza "Sawa." Kisha "Imetekelezwa." Kisha akamuuliza kuhusu goti lake.

Leo asubuhi kaandika hivi, nimenakili:

"Naomba ushauri. Nataka kumpeleka binti shule ya bweni mwezi wa kwanza. Mama yake hajakubali. Dada yangu anasisitiza. Wewe unaonaje?"

Binti humu ndani ni mmoja tu.

Jumanne, 7 Oktoba

Sijui la kujibu. Yaani naulizwa kuhusu mimi, na anayeuliza hajui kwamba ananiuliza mimi.

Utaratibu wetu ni huu. Baba anawasha Mzee saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kwenda kazini, anasoma, anajibu. Mimi nasoma jibu lake nikirudi shule, nakuwa nimemwandalia la kesho. Hatujakosa wiki hata moja tangu mwezi wa sita. Mimi na Baba hatujawahi kuongea kiasi hiki maisha yetu yote.

Jioni nilijaribu kwa mdomo. Nilijaribu kweli! Alikuwa anavua viatu.

"Baba, shikamoo. Mimi nilikuwa—"

"Marahaba mama. Unataka hela ya daftari. Chukua kwenye koti."

Nikachukua. Sasa nina madaftari manne matupu na tatizo lilelile.

Kwa Mzee nimeandika: "Taarifa hazitoshi. Eleza sababu za kumhamisha mtumiaji mdogo." Lugha ya ofisini kwao kabisa. Ataipenda.

Jumatano, 8 Oktoba

Kaipenda. Kajibu kwa vipengele!

"(a) Hasemi. (b) Mwalimu wake anasema hivyo hivyo. (c) Dada yangu anasema bwenini watamfungua mdomo, huko asiyesema hapati hata ndoo ya maji. (d) Mimi sitakuwepo siku zote kumsemea."

Nimesoma (d) mara tatu. Ile (c) imenichekesha kwanza, halafu haikunichekesha.

Shangazi ndiye mwenye wazo. Anaongea kama mvua juu ya mabati, na mimi huniita "bubu wangu", kwa mapenzi, huku akinibana shavu. Fomu ya bweni anayo tayari. Inatakiwa irudishwe Jumatatu.

Baba alipokuwa anakula wakadhani niko bafuni. Mama alisema, sindano mdomoni, kwamba mtoto akisema hataki, yeye hamtoi, na akisema anataka, yeye mwenyewe atamfungia sanduku. "Ila aseme. Nataka nimsikie yeye, si wewe wala dada yako."

Baba akasema, ndiyo hapo sasa. Hasemi.

Na mimi nyuma ya mlango, mdomo wazi, hakitoki kitu.

Halafu bomu la pili. Nikarudi sebuleni, na Baba alipomaliza kula akatangaza: "Jumamosi Mzee anabadilishwa mfumo." Kumbe leo asubuhi, baada ya kisanduku changu, kimetokea kingine, cha Kiingereza, cha kweli kabisa! Kwamba mfumo huu wa zamani hautapata tena ulinzi, wenye kompyuta wahamie mfumo mpya. Ofisini kwao nako wameambiwa hivyohivyo. Mama akanigeukia: ni kweli? Nikasoma. Ni kweli. Mara ya kwanza Mzee kasema mwenyewe, na alichosema ni kwamba ananiacha.

"Na ile sauti yake?" Mama akauliza. "Vile visanduku vyake vya kutuonya?"

Baba akasema mfumo mpya utakuwa na akili zaidi.

Asante sana, Baba.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimecheka leo mpaka mbavu, halafu nikatokwa jasho.

Fundi wa kompyuta aliambiwa kwa simu, akasema mafaili yatabaki yalipo ila si vibaya kuwa na nakala. Mtu mwingine angenunua flashi. Baba kwa nakala anaelewa karatasi. Miaka ishirini na sita masijala! Katoka kazini mapema, kakaa mbele ya Mzee na kalamu nyekundu sikioni, kaanza kuchapa kila kitu kilichomo. Kila kitu. Kwanza vilivyozagaa kwenye skrini, kisha folda kwa mpangilio wa alfabeti. Kila karatasi ikitoka anaipa namba ya folio kwa wino mwekundu kwenye kona ya juu kulia, anaitoboa, anaifunga kwenye jalada.

Mama alikuwa anakata kola. "Baba Binti, unachapa nini hicho?"

"Picha ya nyuma ya skrini."

"Ile milima? Wewe unaijua hiyo milima iko wapi?"

"Ndiyo maana naihifadhi."

Kachapa risiti ya umeme ya mwaka juzi. Kachapa barua ya maombi ya kazi ya mpangaji aliyehama. Kachapa vipimo vya wateja wa Mama vyote, kurasa arobaini, na akaanza kumhoji: "Huyu kiuno chake kimeongezeka inchi sita kwa muhula mmoja, umehakiki?" Mama akamwambia kiuno cha mtoto wa watu hakihakikiwi na masijala.

Sasa jasho. Maneno yote ya Mzee, ya kwangu na majibu ya Baba, yanakaa kwenye folda moja. Mimi kwa akili zangu nyingi nimeipa jina la kuchosha ambalo hakuna binadamu atalifungua: "Mwongozo wa Printa". Nani duniani anasoma mwongozo wa printa?

Anayeusoma ni baba yangu. Sio tu anausoma, ameshachapa wa friji, wa pasi, na wa televisheni ambayo hatuna tena.

Nilisimama nyuma yake nikijifanya nashika kamba za majalada. Akamaliza J. Akamaliza K. Folda ya L ilikuwa na nyimbo, hazichapiki, akasikitika. Akasogeza kipanya kwenye M—

Karatasi zikaisha.

Nilikaa chini sakafuni. Mama akauliza kama nimekula.

Kesho ananunua bunda jipya.

Baadaye, alipokwenda kuoga. Nimesoma jibu lake la leo asubuhi. Nilikuwa nimemuuliza, kama Mzee, "Je, mtumiaji mdogo ameulizwa?" Kaandika: "Nikimuuliza ataitikia tu ndiyo. Ndivyo alivyo. Anakaa na wewe kila alasiri saa mbili nzima. Wewe huwa anakuambia nini?"

Ijumaa, 10 Oktoba

Shuleni sikusikia somo hata moja. Wewe huwa anakuambia nini. Wewe huwa anakuambia nini.

Leo ndiyo siku ya mwisho ya mimi kumwandalia Mzee kisanduku. Kesho saa tatu fundi anakuja.

Nimeandika majibu mawili.

La kwanza nimeliandika kama mimi. Halina "mfumo" wala "mtumiaji". "Baba, ni mimi. Sitaki kwenda bweni. Sio kwamba sina la kusema. Nikianza, mnanimalizia, halafu mnachomalizia sicho nilichotaka. Mimi nachelewa tu. Mkinisubiri kidogo nafika." Nikalihifadhi. Nikaliangalia. Masikio yakawaka moto. Siwezi! Siwezi kumwacha alisome halafu nimkute mezani anakunywa chai na kuniangalia. Na kulifuta leo pia moyo umekataa.

La pili ni la Mzee. "Mtumiaji mdogo huongea sana. Anahitaji muda wa kupakia. Tafadhali msibonyeze mara mbili." Hilo ndilo nimeliweka kwenye kisanduku cha kesho. Limenichekesha mwenyewe. Kidogo ni kweli, kidogo ni uoga.

Folda siwezi kuifuta leo, kwa sababu programu inachota maneno humo humo, nikifuta Mzee kesho atakuwa bubu kweli. Mpango: Baba atawasha saa kumi na mbili, atasoma. Atakwenda kupiga mswaki. Mimi nitanyata, nitafuta folda yote na hili la kwanza likiwamo, kabla hajafika M. Dakika mbili zinatosha.

Bunda jipya liko mezani. Karatasi mia tano. Linaniangalia.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimepitiwa na usingizi!!!

Nimeamka saa moja na nusu. Kilichoniamsha ni printa. Grrr-tap. Grrr-tap. Nikatoka mbio na shuka shingoni. Baba yuko pale, miwani puani, kalamu nyekundu sikioni. Mezani majalada yamefungwa, yamepangwa. Printa inachapa orodha ya sabuni.

S. Yuko S.

"Umeamka mama," akasema. Basi. Hakusema kingine. Hakusema unataka hela, hakusema unataka chai. Nikatafuta kitu kwenye uso wake na nikakuta miwani tu. Labda alichoka akaruka M. Labda kachapa bila kusoma, zile karatasi zote nani atasoma? Nikajishawishi hivyo mpaka fundi akabisha hodi.

Fundi huyu mtaa mzima unamwita Daktari, kwa sababu kabla ya kufungua mashine huweka sikio juu yake. Kaweka sikio kwa Mzee. Kasema, "Huyu anapumua kwa shida." Mama akashika kifua.

Kafungua kifuniko. Jamani! Feni imezungushiwa nyuzi za cherehani, nene kama kiota cha ndege. Za bluu, za kijivu, za maruni, kaki. Unaweza kutaja shule zote za eneo hili. Daktari akavuta, akavuta, zinakuja tu.

"Mama," akasema, "huwashonei wateja tu. Umemvisha na huyu."

"Kumbe ndiyo maana alikuwa anasema amechoka!" Mama akasema. Akanigeukia. "Si ulisoma wewe? Alisema!"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Mungu anisamehe.

Akaongeza kipande cha kumbukumbu, kidogo kama biskuti, akasema sasa Mzee anakubalika kwa mfumo mpya, kwa kubana pumzi. Kisha akafungua orodha ya vitu vinavyojianzisha vyenyewe mashine ikiwashwa. Alisema vingine hugombana na mfumo mpya, ni vizuri kuvipunguza. Akateremka, akateremka. Akasimama.

"Hiki nini? Kimeandikwa 'Mzee'."

"Hiyo ndiyo sauti yake," Mama akajibu.

"Kompyuta haina sauti ya namna hii, mama yangu." Akakifungua. Mistari yangu kumi na mmoja ikakaa kwenye skrini uchi wa mnyama. "Hii mtu kaiandika. Tena safi. Mistari michache, haijapoteza neno. Nani hapa anaandika programu?"

Mama alikuwa na pini mdomoni. Mimi nilikuwa nusu ndani ya pazia, nahesabu vigae. Kuna vigae thelathini na mbili na kimoja kina ufa. Daktari akamwangalia Mama, akaangalia pazia, akaona miguu yangu. Akatabasamu kwa upande mmoja.

Ndipo Baba akasema, taratibu kabisa, bila kuinua kichwa kwenye jalada lake:

"Iondoe tu, fundi. Imeshamaliza kazi yake."

Imeshamaliza kazi yake!! Maana yake nini? Anajua? Au ni lugha yake ya masijala tu, kila kitu kwake kina tarehe ya kuharibiwa? Daktari akabonyeza. Ikaenda. Miezi minne ya mazungumzo, na haikutoa hata mlio.

Nililia kidogo ndani ya pazia. Ni pazia nene, halionyeshi.

Mfumo mpya ukaanza kujiweka. Asilimia moja. Asilimia mbili. Baba akatoa amri: hakuna pasi, hakuna cherehani ya umeme, hakuna kitu chochote kuchomekwa mpaka ifike mia, maana umeme wetu ukizidiwa swichi kuu inaruka. Mama akashona vifungo kwa mkono. Daktari akasinzia kwenye kiti. Asilimia thelathini. Tulikaa wote tunaiangalia ile namba kama tunasubiri mtoto azaliwe.

Kwenye sitini na moja, akaingia Shangazi.

"Hodi humu! Mbona mmekaa kama msibani? Nimekuja na fomu! Bubu wangu yuko wapi? Njoo nikubane hilo shavu, huko bweni mtapiga kelele mpaka matroni akimbie kazi! Kaka, mmekunywa chai? Hamjanywa? Nyumba gani hii?"

Anaongea huku anatembea. Hilo ndilo tatizo lake, hasimami mahali pamoja ukamwahi. Alishafika jikoni. Nilimwona kwa ufa wa mlango anachukua birika la umeme. Anajaza maji. Anatafuta soketi.

Mimi peke yangu ndiye niliyemwona.

Nikafungua mdomo. "Sha—"

"Nini mwanangu, sukari? Najua ilipo!"

Tap.

Giza kwenye skrini. Feni ikasimama. Daktari akaamka akiwa ameshasimama. Baba alisema neno ambalo masijala hawaliandiki. Mama akapiga kelele "Birika!", Shangazi akapiga kelele "Wapi?", na birika analo mkononi.

Umeme uliporudishwa Mzee akaonyesha nukta zake zinazunguka, akaandika kwa Kiingereza. "Kasema nini?" wote wakaniuliza. Nikatafsiri neno kwa neno. Kwamba anarudisha kila kitu kilivyokuwa kabla ya kuanza. Daktari akashusha pumzi, akasema hajafa, kazi ianze upya. Asilimia moja. Asilimia mbili.

Shangazi akakaa chini, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Lakini huyu mtoto aliniita. Nilimsikia. Nikamkata."

"Ndiyo," Baba akasema. "Ana tabia ya kuchelewa kidogo. Ukimsubiri anafika."

Hayo ni maneno yangu, ya jibu lile la kwanza!

Saa kumi na moja jioni Mzee akaamka. Mweupe, anang'aa, haraka mpaka anatia aibu. Akauliza majina ya watumiaji. Baba akajiwekea lake kwa kidole kimoja. Akamwekea Mama. Akasimama, akaniachia kiti. Hakuniandikia. Wote wakangoja nyuma yangu, hata Shangazi, namsikia anavyojizuia kama mtu mwenye chafya. Nikaandika jina langu. Herufi sita. Ilinichukua muda, na hakuna aliyenisaidia.

Hakuna kisanduku kilichotokea.

Jumapili, 12 Oktoba

Asubuhi Mama kawasha, kakaa na kikombe cha chai mkononi akisubiri aambiwe aondoe kikombe. Hakuambiwa. Kakiweka juu ya Mzee. Kakiangalia. Kakiondoa mwenyewe. "Huyu mpya hana malezi," akasema.

Nilikwenda kufua. Niliporudi chumbani nimekuta kitu kitandani kwangu.

Jalada. Kaki, jipya, kamba imefungwa kwa fundo lake lile la masijala. Juu kwa wino mwekundu, herufi kubwa: MZEE — MAWASILIANO. Chini: Folio 1 hadi 23.

Nimelifungua huku nimeketi sakafuni nyuma ya kitanda, mahali ambapo hata mimi mwenyewe sijioni.

Yamo yote. Unyevu, kikombe, redio. Kwenye folio 4, pembeni ya ile ya redio, kaandika kwa penseli: "Angeweza kuniambia. Hapana. Nisingesikia, redio ilikuwa juu." Folio 9, goti lake, nilimwambia kama Mzee apande ngazi polepole, pembeni: "Limepona." Folio 22 ni ile ya kupakia. Pembeni hakuna neno, kuna alama ya vema moja kubwa, na karatasi imekunjamana kama mtu aliishika huku anacheka. Au vinginevyo.

Folio 23 ni ile ya kwanza. Ya kwangu. Baba, ni mimi.

Na mbele kabisa, kwenye karatasi ya maelekezo ambako makarani huandikiana, kwa mwandiko wake wa kusimama wima:

"Mwandishi wa folio 23,
Hati yako imepokelewa na imesomwa. Hata hivyo imefika bila sahihi. Masijala haiwezi kufanyia kazi hati isiyo na sahihi, hata kama karani anaujua mkono ulioiandika. Fomu ya upande wa pili inayo sahihi ya shangazi yako tayari na inangoja yangu kabla ya Jumatatu. Kwa hatua yako tafadhali. Sina haraka."

Nimecheka. Nimelia. Nimecheka tena. Halafu nimeona aibu mpaka kwenye vidole vya miguu. Miezi minne, jamani! Nimemwambia baba yangu "mfumo hauwezi kufikiri". Nimempangia kipimo cha redio. Na goti!

Nimechukua kalamu. Sahihi sina. Sijawahi kuwa na sahihi, nani ananiomba sahihi mimi? Nimejaribu nyuma ya daftari moja katika yale manne. Ya kwanza imetoka kama mdudu. Ya pili kubwa mno, kama ya waziri. Ya tatu ndogo, haionekani, huyo ndiye mimi wa kila siku, nikaikata.

Sebuleni nasikia. Shangazi kaja kuchukua fomu. Sauti yake imeshuka leo, lakini kushuka kwake ni kwa watu wengine kupaza. Anauliza, kaka, unasaini au husaini, mimi nina safari. Mama anasema atulie, anywe chai. Baba anasema kuna hati moja anaisubiri.

"Hati gani tena Jumapili?"

"Inakuja."

"Kutoka wapi?"

"Hapa hapa ndani."

Shangazi anakoroga chai. Kijiko kinagonga kikombe, mara moja, mara mbili.

Kama nikisaini, itabidi nitoke nayo. Nikitoka nayo, wataniangalia wote watatu. Mama anataka kusikia, alisema, si kusoma. Kwa hiyo karatasi haitoshi, hata yenye sahihi. Itabidi nifungue mdomo. Nimejaribu hapa kwa kunong'ona. "Sitaki kwenda." Mara ya kwanza imetoka hewa tupu. Mara ya pili imetoka. Mara ya tatu paka wa jirani dirishani ameinua kichwa.

Kiti kimesogezwa sebuleni. Mtu amesimama.

Ndala. Ni za Baba, mguu wa goti unaburuta kidogo bado, kumbe haujapona kabisa, kanidanganya. Anakuja ukumbini. Ngoja nisaini kwanza. Nimesaini! Imepinda lakini ni ya kwangu, herufi sita.

Amefika mlangoni. Kivuli chake kiko chini ya mlango, nakiona. Hagongi. Haulizi nataka nini. Amesimama tu, namsikia anapumua.

Shajara chini ya godoro, haraka, hii asiione. Jalada nimelikumbatia. Nafungua mlango, na safari hii nasema mwenyewe.